Hema ya Starehe Inapangwa, Hema ya Vita Inatupwa



Kuna kundi la vijana wa hapa mjini wanaopanga kwenda kulala usiku mbili chini ya miti, pembeni ya Ziwa Kivu. Wanataka kuogelea, kuchoma samaki, kuimba kidogo na kurudi. Walipoleta tangazo lao redioni, simu zilianza kuita hapohapo. Mama moja aliyefukuzwa na vita alisema hivi: "Sisi tunalala mu shitingi kwa nguvu, nyinyi munaenda kulala mu hema kwa kucheza? Hamuna haya?" Wengine wakajibu kwamba vijana nao wamechoka na vita na waachwe wapumue.

Mabishano hayo yanaendelea mpaka leo. Mimi niliomba vijana wanionyeshe daftari yao ya mpango, nikaisoma ukurasa kwa ukurasa. Nilipoimaliza nilikuwa na hasira, lakini si kwa vijana. Daftari yao ni nzuri sana. Watu 24 wanaoenda kulala nje usiku mbili wamepangiwa mambo ambayo maelfu ya familia zetu hazikupangiwa kwa miaka miwili na zaidi. Ndiyo maana ninaandika.

Tuanze na haya. Kulala kando ya ziwa letu si aibu. Ziwa ni letu na miti ni yetu. Kuna kisiwa kidogo kinaitwa Tchegera, upande wa magharibi ya Goma, chini ya Parke ya Virunga, na kule zilijengwa hema za watalii zenye kitanda na bafu. Kwa miaka tumezoea kufikiri kwamba uzuri huo ni wa wageni, na sisi kazi yetu ni kubeba mizigo yao. Kijana wa Katindo au wa Ndosho akitaka kuamka asubuhi na kuona ziwa limetulia, hajamwibia mtu kitu. Mama aliyepiga simu ana haki ya kukasirika, ila ninamwomba aelekeze hasira yake mahali inapostahili. Tufungue daftari pamoja naye.

Ukurasa wa kwanza ni juu ya hewa. Wameandika kwamba hawatapiga hema ndani ya bonde wala shimo, hata kama kuna majani mazuri na kivuli, kwa sababu ya mazuku. Kila mtoto wa hapa analijua neno hilo. Ni gazi inayotoka chini ya ardhi, nzito kuliko hewa, hauioni na kwa kawaida hauisikii harufu. Inajikusanya kwenye mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo haupo. Inaua mbuzi, mbwa na watoto kwanza, kwa sababu pua zao ziko karibu na chini. Mtu akianguka ndani yake, anayemkimbilia bila kufikiri anaanguka pia. Vijana wameamua kumuuliza mwenyeji wa pale ni wapi mifugo huwa inakufa, na kutopiga hema hapo.

Sasa tuulize. Upande wa Mugunga, Bulengo na njia yote ya kuelekea Sake unajulikana kwa mazuku tangu babu zetu. Inchi yetu ina Observatoire Volcanologique hapahapa Goma, watu waliosomea kazi hiyo. Je, kila familia iliyoelekezwa upande ule kujenga kibanda chake cha shitingi, iliambiwa kwanza hewa ya pale ikoje? Je, kila shimo lilizungushiwa kamba na alama kabla mtoto hajaingia kucheza? Nyinyi muliokuwa kule munajua jibu kuliko mimi. Kijana wa matembezi aliuliza swali hilo bila kulipwa na mtu.

Ukurasa wa pili ni juu ya maji. Wamehesabu litre 15 kwa kila mtu kwa siku: kunywa, kupika, kunawa, kufua kidogo. Watu 24 ni litre 360, yaani bidoni 18 za litre 20. Wamepanga nani atabeba, na dawa ya kutia ndani ya maji ili mtu asinywe ya ziwa hivihivi. Niliwauliza hesabu hiyo ya litre 15 wameitoa wapi. Moja wao, aliyewahi kufanya kazi ya siku kwenye kambi, akajibu kwamba ndiyo hesabu ya mashirika.

Ni kweli. Iko ndani ya kitabu cha mashirika ya misaada kinachoitwa Sphere. Kinasema litre 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, na eneo la kulala lenye paa la meta za mraba tatu na nusu kwa kila mtu. Kwa familia ya watu sita maana yake ni litre 90, bidoni nne na nusu kila siku. Ni meta za mraba 21 chini ya paa, nafasi ya kutandika mikeka, kuweka sufuria, na baba na mama kulala mbali kidogo na watoto wakubwa. Munakumbuka vibanda vyetu: mtu mzima hasimami wima, miguu ya moja iko kwenye kichwa cha mwingine, mvua inapita chini na upepo unapita juu.

Na hapa wandugu, musikilize vizuri. Munajua kitabu hicho kilizaliwa wapi? Mwezi wa saba 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache. Walikaa juu ya mawe ya volkano ambamo jembe haliingii, kwa hiyo vyoo havikuchimbwa. Walikunywa maji ya ziwa. Kolera na kuharisha damu vikaua makumi ya maelfu ya watu kwa wiki chache. Wazee wa Goma, wa Mugunga, wa Kibumba waliona maiti zikipangwa kando ya barabara. Dunia ilipata haya. Mashirika yakafanyiwa uchunguzi, yakaambiwa wazi kwamba watu wengi walikufa kwa kukosa mipango, na kuanzia 1997 wakaanza kuandika kanuni hizo za Sphere ili jambo kama hilo lisirudi popote.

Basi kanuni hizo zilinunuliwa kwa maiti zilizolala juu ya mawe yetu. Leo zinafundishwa Geneva, Nairobi na kwingineko. Kisha vita ikarudi palepale, juu ya mawe yaleyale, pembeni ya ziwa lilelile, na kolera ikarudi kambini, na watu wakapanga foleni ya maji tangu saa tisa ya usiku. Mtu asituambie kwamba hakujua. Somo lilitoka kwetu na likasafiri dunia nzima. Kwetu ndiko lilikosa kufika.

Ukurasa wa tatu ni juu ya choo na giza. Vijana wamepanga vyoo viwili, kimoja cha wasichana na kimoja cha wavulana, mbali na maji lakini si mbali na hema. Wamenunua taa mbili za jua za kuweka njiani, na msichana akitoka usiku, anatoka na mwenzake. Ni jambo dogo, taa mbili tu. Wangapi kati ya binti zetu walishikwa njiani wakienda chooni usiku, kwa sababu choo kilikuwa mbali, mlango wake hauna kufuli na njia haina taa? Wanaopanga kambi wangewauliza mama kumi tu, "choo tukiweke wapi?", wangejua. Mama wanajua. Lakini mara nyingi mkutano unafanyika na wanaume sita wenye daftari, mama wako kwenye foleni ya maji.

Ukurasa wa nne ni juu ya moto. Wamekodi jiko la gazi ili mtu asiingie porini kukata kuni. Wameandika sababu mbili: msitu ni wa kulindwa, na porini hakuna usalama. Parke ya Virunga imekuwepo tangu 1925, ni parke ya zamani kuliko zote Afrika, na kila siku tunaambiwa kwamba anayekata mti wake ni adui. Sawa. Lakini familia ikipewa unga na maharagi bila kitu cha kupikia, mumeituma wapi? Maharagi hayapikwi kwa jua. Mumemtuma mama msituni. Na msituni, munajua yanayomngoja. Madaktari wa Médecins Sans Frontières walisema mara nyingi: wanawake wengi waliowapokea baada ya kubakwa karibu na kambi za Goma walikutwa na ubaya huo wakitafuta kuni au chakula. Anayegawa maharagi bila makala wala jiko, agawe akijua kwamba amekata tiketi ya mama huyo kuingia porini. Na baadaye asije kumfundisha juu ya kulinda miti.

Ukurasa wa tano ni juu ya majirani. Vijana wameandika: hapana kupiga hema karibu na kituo cha wenye silaha, wa upande wowote. Mpango wa wiki moja umelijua jambo hilo. Lakini karibu na kambi za wakimbizi wa vita, silaha kubwa ziliwekwa, zikapigwa kutoka hapo, na watu wakalalamika sana bila kusikilizwa. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu yaliangukia kambi za upande wa Mugunga na Lac Vert. Watu walikufa wakiwa ndani ya shitingi, watoto wakiwa wengi kati yao. Mwenye kurusha ana dhambi yake, na itabaki juu yake. Lakini aliyeweka silaha yake nyuma ya mgongo wa mama na watoto, naye asinawe mikono.

Ukurasa wa sita ni juu ya chombo cha majini. Kila mtu na jile yake ya kuokoa, hesabu ya watu inafanywa kabla ya kupanda, na upepo ukianza hawaondoki. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, chombo kilichotoka Minova kikiwa kimejaa kupita kiasi kilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakitazama kutoka ufukoni. Makumi ya watu walikufa. Kwa nini watu wengi hivyo majini? Kwa sababu vita ilifunga barabara ya Sake, na aliyetaka kuleta mboga na maharagi mjini hakubakiwa na njia ingine. Nani alipanga njia hiyo ya maji? Nani alihesabu watu? Nani aligawa jile? Barabara inapofungwa, ziwa linakuwa barabara, na barabara inahitaji mwenye kuichunga.

Ukurasa wa mwisho wa daftari una mstari moja tu: "Tunarudi siku ya yenga, saa nane." Wandugu, mstari huo ndio ulinishika kuliko yote. Anayekwenda kwa starehe anajua siku ya kurudi, njia ya kurudi, na kwamba nyumba yake bado ni yake. Mkimbizi wa vita hajui hata moja. Waliofika Kanyaruchinya mwisho wa 2022 kutoka Rutshuru walidhani ni wiki mbili. Wakakaa zaidi ya miaka miwili. Kisha mwezi wa pili 2025, baada ya mji kubadili mikono, wakaambiwa waondoke kwa siku chache tu. Tuliwaona barabarani, shitingi kichwani, mtoto mgongoni, mbao za kibanda kwenye chukudu. Kuingia kambini hawakupangiwa, kutoka pia hawakupangiwa. Wengine walikuta shamba lina mtu mwingine, wengine walikuta nyumba haina paa, wengine walikuta risasi bado zinalia. Hao sasa wako kwa jamaa, ndani ya madarasa, nyuma ya makanisa, na kwa sababu hawaonekani tena kwa macho, kuna wanaosema jambo limekwisha.

Ninajua majibu yatakayokuja, kwa hiyo nitayajibu sasa.

Wa kwanza atasema: "Ile ilikuwa dharura, hakuna muda wa kupanga." Ninakubali kwa wiki ya kwanza. Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na siku chache baadaye watu wakaambiwa watoke Goma, tulitembea usiku mpaka Sake na kila mtu alilala alipoangukia. Hiyo ni dharura. Lakini miaka miwili si dharura. Miaka miwili mtoto anazaliwa, anatembea, anaanza kusema. Anayeita miaka miwili dharura anataka tu kutoulizwa maswali.

Wa pili atasema: "Feza haikutosha." Ni kweli wafadhili walipunguza, na ninawashukuru wafanyakazi wengi, Wakongomani wenzetu, waliochimba, waliotibu na waliobeba maji wakati risasi zinalia. Lakini kumuuliza mzee wa kijiji mazuku iko wapi kunagharimu franka ngapi? Kuwauliza mama choo kikae wapi? Kuondoa mzinga wa bunduki karibu na kambi? Mengi yaliyokosekana hayakuwa ya feza. Yalikuwa ya heshima. Hema ya mtalii inapangwa kwa sababu mtalii ataandika malalamiko. Watu walifikiri mkimbizi wa vita hana pa kuandika.

Wa tatu atasema: "Kambi ikipangwa vizuri, watu hawatataka kurudi kwao." Huyo ninamwomba akalale ndani ya shitingi wiki moja ya mvua. Hakuna mwenye shamba lake Masisi au Rutshuru anayebaki juu ya mawe kwa sababu ya choo kizuri. Watu wanarudi wakati risasi zimenyamaza na shamba linawangoja.

Basi, kwa wote wenye mamlaka na wenye mashirika, wa upande wowote, ninaweka mbele yenu maswali ya daftari ile. Kabla ya kuelekeza familia hata moja mahali, kama ni kambi, shule au kijiji cha kurudia: nani amepima hewa? Kila mtu atapata bidoni ngapi za maji? Choo kiko wapi, kina kufuli na taa, na mama gani walichagua mahali hapo? Watapikia nini? Silaha iliyo karibu iko umbali gani? Wakikimbia tena, watapita wapi? Na siku ya kurudi, nani ataamua, na nani atathibitisha kwamba shamba lao bado ni lao? Ukikosa jibu la swali moja, usipeleke watu.

Kwa nyinyi mama na baba muliofukuzwa na vita: maswali hayo ni yenu. Kuyauliza si kuombaomba wala si kukosa shukrani. Mgeni akija na daftari kuandika majina yenu, mumwombe kwanza afungue ukurasa wake wa maji na wa choo. Muulize kwa sauti, muulize mukiwa wengi, na mumtume mama moja mwenye kukumbuka vizuri ashike majibu.

Na nyinyi vijana, nendeni. Muogelee karibu na ufuko, musilale bondeni, mubebe takataka zenu. Mukirudi siku ya yenga, mulete daftari hapa studioni. Tutaisoma hewani ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa tutafungua simu kwa wale waliolala juu ya mawe, waseme wao walipangiwa nini. Mama aliyewakemea nimemwomba awe wa kwanza kusema. Amekubali.